Bahari Yetu Imechukuliwa kwa Kalamu



Asimamaye Ras Bofu na kutazama ng'ambo ya mkondo wa Kilindini huona Liwatoni. Ndipo palipo majengo ya samaki ya serikali. Ndipo pia, tarehe 19 Novemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipowazindua Walinzi wa Pwani na meli yao MV Doria, na taifa likaambiwa kwamba uvuvi haramu sasa utakomeshwa. Miaka miwili baadaye likajengwa daraja la kuelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, nalo likafunguliwa Januari 2021, wakati wa maradhi ya korona. Kwa mara ya kwanza mtu wa Bofu aliweza kuvuka kwa miguu hadi mlangoni pa nyumba ya samaki. Akafika mlangoni. Samaki wa kuingiza mle ndani hakuwa naye.

Katika mabaraza ya Likoni, na hata katika vikundi vya sala, tumezoea kuulizana ni nani aliyemaliza samaki. Mmoja husema ni Mpemba na wavu wake wa kuzungusha. Mwingine humtaja mtu wa bara aliyekuja na fedha za kununulia. Wa tatu humlaumu kijana wa papa hapa anayevua kwa juya. Sisi tunasema kwamba mnamtafuta mwizi ufuoni ilhali mwizi alipita ofisini. Bahari hii imechukuliwa kwa leseni, kwa mikataba na kwa sera zilizotiwa sahihi mahali ambapo mvuvi hakualikwa, na nakala zake hakuletewa.

Waendao kanisani wanakikumbuka kisa cha Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Wahubiri wengi huyakimbilia mauaji na mbwa waliolamba damu. Tunawaomba muirudie ile sehemu ya katikati. Yezebeli hakupeleka jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee wa mji uleule aliokaa Nabothi. Wazee wakatii. Na mashahidi wa uongo walipotakikana, walipatikana mtaani mle mle. Kila tulisomapo tangazo jipya kuhusu bahari, tunaukumbuka ule muhuri.

Tuanze na juya, kwa maana hapo ndipo unafiki unapoonekana wazi. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya na bunduki ya samaki. Hatusemi kwamba marufuku ile haikuwa na msingi. Juya hukokota nyasi za bahari, samaki wachanga na kila kilicho njiani, na mzee yeyote wa bahari atakueleza hayo bila kufungua kitabu. Lakini tazameni yaliyokuwa yakitendeka wakati huohuo katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi hadi mdomo wa mto Tana. Huko, tangu miaka ya 1970, meli za kukokota kamba zilikuwa zikivuta nyavu zao sakafuni mwa bahari kwa nguvu za injini. Kanuni zilizikataza kuvua ndani ya maili 5 za baharini. Wavuvi wadogo wakalalamika mwaka baada ya mwaka kwamba zinaingia, zinakata nyavu zao, na kutupa majini samaki waliokwisha kufa kwa kuwa kamba ndio wenye bei. Kasa nao walinaswa humo humo. Ilichukua hadi 2006 meli hizo kusimamishwa, na mwaka 2011 zikaruhusiwa tena chini ya mpango mpya.

Basi juya linalovutwa na mikono ya watu ni haramu, na wavu wake huchomwa moto hadharani mbele ya wapiga picha. Juya linalovutwa na injini lina leseni. Aliyepokonywa la kwanza hakupewa mkopo wa mshipi wala wa jarife. Aliambiwa tu kwamba yeye ni mharibifu wa mazingira. Je, samaki mchanga hujua tofauti ya mkono na injini?

Nje ya mwamba mambo ni yale yale, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Kenya ina haki juu ya bahari hadi maili 200 kutoka pwani. Ngalawa na mashua zetu haziwezi kufika huko. Wakati wa kusi hata kuuvuka mwamba ni kujitafutia mauti, na ndiyo sababu maelfu ya wavuvi wa pwani hii husongamana katika ukanda ule mwembamba wa ndani, wakigombania tafi, changu na pono ambao hawakupewa nafasi ya kukua. Wanaofika mbali ni meli za Ulaya na Asia zinazomfuata jodari. Meli kubwa za nyavu za kuzungusha hushusha mzigo wao zaidi Victoria, Ushelisheli, penye gati la kupokea na kiwanda cha kutia mikebeni. Kazi ya kubeba, kusafisha, kupika na kufunga inabaki huko. Sisi tunabaki na ada ya leseni, nayo huingia Nairobi. Ni kiasi gani, kutoka kwa meli ngapi, kwa jodari tani ngapi? Muulizeni mwakilishi wadi wenu wa Bofu. Kisha mumuulize mbunge. Tunadhani mtapata jibu la aina moja.

Mwezi wa Februari 2023 mkutano mkubwa ulifanyika hapa hapa Mombasa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilikutana kuamua juu ya vile vyelezo ambavyo meli kubwa huviacha vikielea ili jodari, hasa wachanga, wajikusanye chini yake kisha wazungushwe kwa mkupuo mmoja. Wengi wa wajumbe walipiga kura vipunguzwe, tena visitumike kwa siku 72 kila mwaka. Nchi nyingi za ukanda wetu zilishangilia. Baada ya majuma machache Umoja wa Ulaya ukaandika pingamizi, na kwa kanuni za tume hiyo mwenye kupinga hafungwi na uamuzi. Yaani mwenye meli anaweza kushindwa kwa kura, akarudi kwao, akaandika barua, akaendelea kuvua. Barua tena! Mvuvi wa Bofu akiandika barua kuipinga marufuku ya juya, atajibiwa na nani?

Turudi kwenye ule mwezi wa Novemba 2018, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa maneno mengi. Tarehe 19 Walinzi wa Pwani walizinduliwa Liwatoni. Kuanzia tarehe 26 hadi 28 wakuu wa mataifa na wajumbe wao walikutana Nairobi katika kongamano la uchumi wa bahari, na pwani yetu ikaitwa hazina isiyoguswa. Mwaka uo huo Rais alitangaza kwamba samaki walioganda kutoka China wazuiwe, kwa sababu walikuwa wanawaua kwa njaa wavuvi wa Kenya. Tuliosikia tulipiga makofi. Marufuku ile haikudumu. Samaki wale waliendelea kupita kwenye bandari ya Kilindini ndani ya makontena ya barafu, mbele ya macho ya watu wa Bofu. Bahari ikawa njia ya kupitishia samaki wa watu wengine.

Sasa tuingie dikoni tuone sera hizi zinavyomfikia mtu. Mvuvi asiye na chombo humwendea tajiri. Tajiri humpa mashua, wavu, petroli na barafu. Wakati wa kusi, siku ambazo bahari haina ruhusa, humkopesha unga na karo ya mtoto. Haya yote si bure. Samaki atakayepatikana atauziwa tajiri huyo huyo, kwa bei atakayoitaja yeye, baada ya kutoa fungu la chombo na la petroli. Kaskazi ikifika na bahari ikatulia, mvuvi hulipa deni la kusi. Kusi likirudi, hukopa upya. Hatumwiti tajiri shetani. Wengi wao ni watu wa mitaa yetu, na pasipo wao vyombo vingi vingelala mchangani. Tunauliza jambo jingine. Serikali inayoweza kupata mkopo wa dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya uvuvi wa pwani, kama ilivyofanya mwaka 2020, inashindwaje kuweka mtambo wa barafu na mizani ya haki katika kila diko, ili mvuvi aweze kusema "sitaki bei hiyo" na samaki wake asioze?

Anayeumia zaidi ya mvuvi ni mama karanga. Yeye hana chombo, hana wavu, wala hana jina katika daftari nyingi za wavuvi. Hununua samaki wadogo ambao tajiri hawataki, huwakaanga kwenye karai, na jioni huwauza kando ya njia kwa wafanyakazi wa bandari wanaoteremka feri wakielekea majumbani. Samaki wakipungua, tajiri huanza kuwachukua hata wale wadogo, na mama karanga huondoka dikoni na ndoo tupu. Tunapohesabu hasara ya sera za uvuvi huhesabu tani. Hatuhesabu karai lililokaa kavu juma zima, wala watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada, wala kijana wa kike aliyeambiwa na mwenye samaki kwamba kuna njia nyingine ya kulipa. Wachungaji na mapadre wetu wanayajua haya, kwa maana huletewa usiku. Tungependa wayaseme mchana.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watu hawa wasirudi shambani? Kwa hakika wengi walitoka huko. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini mwetu katika Kwale, kilifungwa mwaka 1988, na pamoja nacho soko la miwa na mishahara ya maelfu. Ardhi ile ilikodishwa tena kwa kampuni nyingine mwaka 2007, na mabishano ya nani ahame na nani abaki yakafuata hadi mahakamani. Kaskazini, kiwanda cha korosho cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilibinafsishwa katika miaka ya 1990, enzi zile Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walipotuandikia dawa ya kubana matumizi na kuuza mali ya umma. Kikafa. Mkulima wa mkorosho akabaki na mti na wachuuzi wa kuja kununua kwa bei ya kutupa. Serikali ilipoamka na kuzuia usafirishaji wa korosho ghafi mwaka 2009, wengi walikuwa wamekwisha kuikata mikorosho yao kwa makaa. Na ilipotakiwa kuonyesha kwamba inalipenda jembe, serikali haikumrudia mkulima huyo. Mwaka 2014 ilizindua Galana Kulalu, ikatangaza ekari milioni moja za kumwagiliwa maji, ikaanza na shamba la mfano la ekari 10,000 kwa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 7 na kampuni ya kigeni. Kampuni iliondoka kazi haijakamilika. Bei ya unga wa sima Likoni haikushuka hata siku moja kwa sababu ya Galana.

Mtu aliyepoteza muwa na korosho huteremka baharini au huvuka feri kutafuta kibarua. Kwa hiyo bahari iliyopunguzwa samaki ikaongezewa wavuvi.

Hapa tunafika penye kidonda, na hatutakizunguka. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Askari waliuawa, silaha zikachukuliwa, kisha majirani wakaanza kuwindwa kwa sababu ya makabila yao. Katika vurugu zile zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na watu wapatao 100,000 walihama makwao. Kanisa Katoliki la Likoni lilijaa waliokimbia. Vijana walioajiriwa kwa kazi ile hawakuwa wameota ndoto mbaya tu. Walikuwa na kilio cha kweli: ardhi, kazi za bandarini, bahari. Wakaambiwa kwamba aliyewanyima yuko mlango wa pili, naye ni Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya. Uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele, na waliofaidika na uongo ule walijulikana kwa faida yao.

Huyo Mluo aliyeambiwa afungashe virago alikuwa ametoka wapi? Wengi walitoka kando ya ziwa ambalo nalo lilikwisha kuchukuliwa. Mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria wakati wa mkoloni, katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 alipojaa, vikajengwa viwanda vya kukata minofu kwa ajili ya Ulaya. Mnofu ukapanda ndege. Mifupa na vichwa vikabaki kwa wenye ziwa, wakavikaanga na kuviuza, na kwa kejeli ya kwao wakakiita chakula hicho mgongo wazi. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilipofunga mlango mara kadhaa kwa hoja za afya, viwanda vilisimama na mvuvi wa ziwa, ambaye hakuwahi kuula ule mnofu, ndiye aliyelala njaa. Huo ndio mwaka ule ule wa 1997! Kusini mwa mkondo wa Kilindini mtu aliyeporwa bahari alipewa panga amkate mtu aliyeporwa ziwa, na sera iliyowapora wote wawili ilitoka ofisi za serikali moja.

Wengine watasema hayo ni ya utawala wa chama kimoja na mabaki yake. Tulikuwapo. Kifungu 2A kilifutwa Desemba 1991, tukapiga kura ya vyama vingi Desemba 1992, chama kilichotawala kikang'oka 2002, katiba mpya ikaja 2010. Tangu hapo tumewaona Ikulu marais wa vyama na miungano mbalimbali. Vyama vimekuwa vingi, lakini sera ya bahari imebaki ya chama kimoja: waziri anajua, mwenye meli anajua, mwananchi anatangaziwa. Tuliodai mageuzi hatukudai tu haki ya kuchagua rangi ya kadi. Tulidai kuona.

Na katiba ile inatupa haki ya kuona. Kifungu cha 62 kinahesabu bahari yetu, pamoja na ukanda wa kiuchumi na sakafu yake, kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kutumia maliasili ipate idhini ya Bunge. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu katika siku 21. Wala haya si maneno ya kupamba karatasi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kesi ya wavuvi wa Lamu waliodhurika kwa ujenzi wa bandari yao mpya. Mahakama ilisema haki zao za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari zimevunjwa, ikawatunuku wavuvi wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo hayakuja upesi, nasi hatuwadanganyi kwamba hukumu ni sawa na pesa mfukoni. Lakini watu wa Lamu walijua cha kudai kwa sababu walikwenda na majina, na vipimo, na karatasi.

Likoni tuna haja kubwa ya karatasi hizo. Katika eneo bunge letu kuna mradi wa Dongo Kundu, wa bandari na eneo maalumu la kiuchumi. Mkondo umechimbwa na utachimbwa zaidi. Kila meli kubwa inapopewa nafasi, mvuvi mdogo husogezwa. Anayesubiri hadi tingatinga lifike ndipo aulize ramani, huonyeshwa ramani iliyokwisha kupigwa muhuri.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia, kila kanisa la mtaa, kila msikiti ulio tayari kushirikiana nasi, na kila kikundi cha usimamizi wa ufuo kutoka Mtongwe hadi Timbwani, viandike barua moja iliyo sawa, kwa idara ya serikali kuu inayohusika na uvuvi, nakala kwa Kaunti ya Mombasa. Barua iulize ni meli zipi za kigeni zilizopewa leseni katika miaka mitano iliyopita, za nani, kwa ada gani, na zilishusha samaki wapi. Iulize ni mikataba ipi kati ya hiyo iliyopelekwa Bungeni chini ya Kifungu cha 71. Iulize katika ule mkopo wa 2020 ni shilingi ngapi zilizofika kwa mvuvi na mama karanga wa Likoni, na kwa mkono wa nani. Mama karanga waitie sahihi pamoja na wavuvi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, na nakala hiyo ibandikwe mlangoni pa kanisa na katika diko. Siku ya 21 ikipita bila jibu, ipelekwe kwa tume inayosikiza malalamiko ya wananchi dhidi ya maafisa wa serikali, ikiwa na sahihi zile zile.